Kibegi cha lita 18, Mtwara mpaka Kilwa: nimekitumia, nawaambia

Haya wapendwa, mambo vipi, leo nipo barazani kwetu Mikindani, kusi linavuma hivyo mnivumilie na hayo makelele ya upepo.

Hiki ndo kibegi chenyewe. Lita 18, nailoni nyepesi, kitupu nimekipima dukani kwa jirani kwenye mizani ya mchele ikasoma gramu 340. Nimekipata mtumbani kwa 12,000. Nimezunguka nacho siku nne, Mtwara mpaka Kilwa Kisiwani na kurudi, kwahiyo sisomi lebo hapa, naongea nilichokiona.

Kwanini nimeacha begi kubwa? Mwaka jana begi langu lilitiwa kwenye buti ya basi, nashuka nalikuta limelowa maji ya samaki wa mtu, nguo zote zinanuka na kesho yake nina harusi, niliumia jamani. Hiki nakipakata. Konda hakigusi, hela ya mzigo hakuna, na pale Nangurukuru, njia panda tunapobadilisha gari, watu wamejazana kwenye buti wanatafuta mizigo yao mie nishakaa kwenye gari ya Masoko zamani.

Ila nilikipenda kabisa siku ya kuvuka. Unachukua kibali chako cha magofu pale Masoko, unashuka pwani, sasa siku ile maji yamekupwa, boti haiwezi kusogea, ikabidi tuyavulie viatu tutembee majini mpaka magotini, kuna wenzetu walikuja na mabegi ya magurudumu kutoka Dar wanahangaika nayo, mie kibegi kichwani mkono mmoja umeshika gauni. Na kule kisiwani kutoka Msikiti Mkuu mpaka Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, ni mguu haswa na jua lile, mgongo mwepesi unaweza ukasimama ukaangalia kuta zile vizuri, sio unawaza mzigo tu.

Ndani nilikuwa na magauni mawili, nguo za ndani, malapa, mswaki, dawa ya mbu, chaja, maji lita moja, na kanga doti moja. Kanga usiiache! Moja shuka moja taulo, na mchana naikunja naisimamisha upande wa mgongoni, maana kibegi hakina ubao wala sponji, bila hivyo chupa inakuchoma uti wa mgongo njia nzima. Yote hayo kilo 3 na nusu.

Sasa ubaya wake. Wakati wa kwenda nilimbebea shangazi korosho kilo 2, hapo ikavuka kilo 5, mikanda yake miembamba na cha kufunga kiunoni hakuna, mabega yaliwaka mpaka nikawa nakibeba kama mtoto. Kilo 4 mwisho, msikidanganye kibegi kwamba ni lori.

Mvua nayo inapenya kwenye mishono. Zamani ungetia nguo kwenye rambo ukamaliza, ila rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwahiyo simu na chaja natia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nguo zikilowa zitakauka.

Mkienda mtumbani pindueni begi ndani nje. Nailoni hizi zina utando wa kuzuia maji, zikikaa sana kwenye joto na unyevu kama huu wetu utando unaanza kunata, halafu unabanduka kama ngozi ya nyoka, ukigusa unanata achana nalo hata kwa 5,000. Na zipu chagua ya plastiki, ya chuma chumvi ya bahari itaila, hii yangu naipaka mshumaa inateleza.

Mshono wa mkanda wa kushoto ulianza kuachia tuliporudi, nikampelekea fundi viatu akaupiga upya na uzi wa nailoni kwa 1,000. Ngoja nisogeze kamera, mnaona huo uzi mweusi? Haujatikisika tena.