Wiski sita za Uskoti mezani kwangu: ipi ninunue tena?

Nianze na jibu kwa asiye na muda. Ukiwa na hela ya chupa moja tu, nunua Talisker 10 (namba hiyo ni miaka iliyolala pipani). Hela ikiwa ya kuchezea, Lagavulin 16. Glenlivet 12 ni ya kukaribishia wageni. Laphroaig 10 ionje baa kwanza kabla hujatoa pesa ya chupa nzima, na Glenfarclas 105 usiiguse bila maji pembeni. Glenmorangie nitaieleza huko mbele, maana ina wapenzi wake na mke wangu ni mmojawapo.

Naishi Glasgow, na huku wiski haina makuu. Inauzwa supamaketi, kila msimu wa Krismasi bei inashuka, na hapo ndipo mimi hununua. Mimi nimekulia kwenye Konyagi na ndimu, kwa hiyo ukali haunitishi. Ninachotafuta kwenye glasi ni ladha.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kinywaji gani. Chupa ikiandikwa "single malt", sheria inataka kila tone lililomo liwe limetoka kiwanda kimoja, kwa shayiri iliyooteshwa kimea bila nafaka nyingine, likakenekwa kwenye mitungi ya shaba na kulazwa kwenye mapipa ya mwaloni humo humo Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3. Kilevi hakishuki chini ya asilimia 40. Johnnie Walker, ambayo wengi wetu ndiyo tunaijua, ni mchanganyiko: ndani yake mna wiski za kimea za viwanda vingi, Talisker ikiwemo, zikaongezewa wiski nyepesi ya nafaka nyingine. Si mbaya hata kidogo. Ila ukishaionja Talisker peke yake, ukirudi kwenye Black Label utaanza kuusikia moshi ambao zamani ulikuwa unakupita hivi hivi.

Ninavyolinganisha ni rahisi. Natumia glasi ndogo yenye tumbo na mdomo uliobanwa, ile inayoitwa Glencairn, kwa sababu harufu inakusanyika juu badala ya kutawanyika. Toti ndogo, barafu hakuna, jagi la maji ya kawaida na kijiko cha chai. Huanza na nyepesi na kumalizia na zenye moshi. Ukitanguliza Laphroaig, ulimi umekwisha kazi kwa jioni hiyo, hata Glenlivet itakuwa maji matupu.

Glenlivet 12 ndiyo ya kwanza, asilimia 40. Inatoka bonde la Livet, eneo la Speyside, kwenye kiwanda kilichoanzishwa na George Smith. Alichukua leseni mwaka 1824, mwaka mmoja baada ya sheria iliyowafungulia mlango watengenezaji wa magendo, na majirani zake ambao bado walikuwa magendoni hawakufurahi hata kidogo. Ina nanasi, tofaa bichi na vanila. Inateremka vizuri, halafu inapotea. Ukimeza, baada ya dakika moja huna cha kukumbuka. Kwa bei yake sina ugomvi nayo, ila sijawahi kuitamani.

Glenmorangie Original ina kisa kizuri zaidi. Mitungi yao ya kukenekea ndiyo mirefu kuliko yote Uskoti, zaidi ya mita 5, na wenyewe wanajisifu kwamba inalingana na twiga mzima. Ndiyo maana utamkuta twiga wetu kwenye matangazo ya kinywaji cha nchi ya baridi. Urefu huo una kazi yake. Mvuke mzito unachoka njiani na kurudi chini, unaofika juu ni ule mwepesi tu. Matokeo yake ni machungwa, asali na harufu ya maua. Mke wangu akinywa toti moja huwa ni hii. Mimi naiona imepakwa manukato kupita kiasi, na mjadala huo nyumbani kwetu haujafungwa.

Glenfarclas 105 ni mnyama mwingine. Ni Speyside hiyo hiyo, na kiwanda kimo mikononi mwa ukoo mmoja wa Grant tangu 1865. Hiyo 105 si miaka, ni kipimo cha kilevi cha zamani cha Waingereza: kilevi ni asilimia 60. Mapipa yao yalibeba mvinyo wa sheri wa Hispania, wakati Glenlivet na Glenmorangie wanategemea zaidi mapipa yaliyokwisha kulaza bourbon, wiski ya Marekani. Sheria ya Wamarekani inataka bourbon ilale kwenye pipa jipya kila mara, kwa hiyo mapipa yaliyotumika huuzwa, na Waskoti wanayapokea kwa mikono miwili. Sheri inaleta tende, zabibu kavu, mdalasini na karafuu. Kavu haifai, inachoma na hutasikia kitu. Weka kijiko cha maji, koroga, subiri kidogo, weka kingine. Ghafla tende zinatokea. Kwa chupa moja unapata karibu chupa moja na nusu ya kinywaji cha kawaida, hesabu ambayo mtu wa Konyagi lazima aipige.

Habari ya maji si imani ya wazee tu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden walionyesha kwa kompyuta kwamba guayakoli, kemikali mojawapo inayoipa wiski harufu ya moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji pale kilevi kinapopunguzwa kwa maji. Ikiwa juu, pua inaipata.

Sasa moshi wenyewe. Unatokana na mboji ya kinamasi, mabaki ya mimea yaliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Inakatwa vipande vya ukubwa wa tofali, inaanikwa, kisha inawashwa chini ya kimea ili kukikausha. Zamani karibu kila mtu alifanya hivyo. Reli ilipofika Speyside na kuleta makaa ya mawe, huko wengi wakaachana na moshi. Visiwani, ambako miti ni haba na mboji imejaa tele, waliendelea nao.

Talisker inatoka kisiwa cha Skye, kiwanda cha mwaka 1830, na inatiwa chupani kwa asilimia 45.8. Hiyo sehemu ya ziada juu ya 40 unaisikia mdomoni, kinywaji kina mwili. Kwanza inakuja chumvi, halafu utamu mdogo wa peasi, halafu moshi wa wastani. Ukidhani imekwisha, pilipili manga inapanda kutoka nyuma ya koo na kukaa. Hapo ndipo iliponikamata. Glenlivet inasema neno moja. Hii inasimulia hadi mwisho. Na nimewapa watu wa kila aina, hata wanaosema hawapendi moshi, hakuna aliyerudisha glasi.

Laphroaig 10 haina mwanzo mpole. Ukiifungua, chumba kizima kinanuka iodini na bandeji za wodini, na chini yake mwani wa baharini. Kuna wanaoipenda hadi kufa na kuna wanaoitema. Mimi naipenda nusu: harufu yake naikubali kuliko ladha, kwa sababu chupa inayouzwa Uingereza ni asilimia 40 na naona mwili wake ni mwembamba kwa moshi mkubwa namna ile. Ila wana jambo moja la kuchekesha ambalo wamekuwa nalo tangu 1994. Ukinunua chupa unajiandikisha, unapewa futi moja ya mraba ya ardhi kisiwani Islay, na wao wanakulipa kodi ya toti moja kwa mwaka ukienda kuichukua mwenyewe. Si hatimiliki, usiiote kama ya Kigamboni, lakini mimi nina ploti Ulaya.

Nilikwenda kuidai. Feri inatoka Kennacraig, upande wa bara, hadi Port Ellen kisiwani, zaidi ya saa mbili kidogo, na kutoka hapo kuna njia ya miguu ya kama kilomita 5 inayounganisha viwanda vya Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, vyote vikiwa na tarehe za 1815 na 1816, vyote kuta nyeupe zenye majina makubwa meusi yanayotazama bahari. Nenda kwa miguu kweli. Kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni kidogo kuliko England tangu Desemba 2014, miligramu 50 kwa mililita 100 za damu badala ya 80, na toti moja na nusu inaweza kukuweka pabaya. Dereva huweza kupewa sehemu yake kwenye vichupa akanywe alikofikia.

Lagavulin 16 niliinywa huko huko kwanza. Asilimia 43, moshi mzito kama wa jirani yake, lakini huu umetulia, una utamu ndani yake. Ndio moshi wa samaki aliyebanikwa taratibu jioni nzima, si wa kuni mbichi zinazotoa machozi. Kimea chao kina moshi pungufu kidogo kuliko cha Laphroaig, na miaka 16 pipani imekula kona zake. Ni bora kuliko zote sita, nalisema bila kusita. Tatizo ni mkoba: hapa Glasgow hunigharimu karibu mara mbili ya Talisker, na raha yake si mara mbili.

Ndiyo maana siangalii miaka kwanza. Umri wa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote iliyomo chupani, na pipa hupoteza kama asilimia 2 kila mwaka kwa kuvukiza, fungu wanaloliita la malaika, kwa hiyo sehemu ya bei ya wiski kongwe ni kinywaji ambacho hakipo. Rangi nayo isikuzuzue. Sheria inaruhusu kutia karameli ya kupaka rangi, na chupa za soko la Ujerumani hulazimika kusema hivyo kwenye lebo. Angalia asilimia ya kilevi na aina ya pipa, hivyo viwili havijanidanganya bado.

Kutunza: chupa isimame wima, tofauti na mvinyo, kilevi kikikaa kwenye kizibo kinakila. Na mgeni akiomba soda ya kuchanganyia, usimnunie wala usimhubirie. Mmiminie Glenlivet, na Lagavulin iwe imeshaingia kabatini kabla hajabisha hodi.