Vitabu vya Picha Chini ya Meza ya Cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Binti yangu ana miaka mitatu na miezi minne, na tangu mama yake arudi kazini anashinda nami kibarazani, kakaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa chini ya meza. Mtoto wa umri huo usipompa shughuli anajitafutia mwenyewe: atameza kifungo, atagusa pasi. Ndiyo nikaanza kununua vitabu vya picha. Kwa mwaka mmoja vimepita mikononi mwangu kumi na saba, vipya, vya mtumba na vya kuprinti. Hapa nawaeleza wazazi wenzangu vipi vimenifaa na vipi vimenila hela. Ualimu sijasomea. Kitabu nakiangalia kama ninavyoliangalia shati la mteja, naligeuza ndani nje kwanza, uzuri baadaye.

Cha kwanza nilikinunua duka la vitabu mjini, siku niliyolipwa hela ya sare za shule. Shilingi 9,000. Rafu nzima ya watoto ilikuwa imevishwa nailoni. Nikaomba nifungue kimoja nione ndani. Dada wa kaunta akanijibu kwa adabu kabisa, "Kaka yangu, ukishafungua umenunua." Nikamwambia hata kijora, mteja wangu anakishika, anakifinya, anakitoa nje juani akione rangi yake, ndipo aulize bei. Akacheka. Nailoni haikufunguliwa. Nikachagua kwa jalada, yaani nikanunua embe gizani.

Kilikuwa kitabu cha bibi na kuku. Maneno yanasema bibi ana kuku watatu, picha ina bibi na kuku. Ukurasa wa pili kuku wanakula, na pichani kuku wanakula. Wa tatu wanalala, wamelala. Mpaka mwisho hakuna picha iliyonong'ona jambo ambalo maneno hayakulisema. Nilikisoma mara mbili nikaona 9,000 zimekwenda na maji. Mara ya tatu binti akaweka kidole kwenye ukurasa wa tano akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikamwambia ni watatu, bibi ana kuku watatu. Akarudia. Nikainama na miwani yangu ya kutungia uzi. Wanne! Wa nne yuko nyuma ya kinu, kichwa tu na mkia.

Mchoraji alipitiwa, na aliyekagua naye akapitiwa. Mimi mtu mzima sikumwona kuku yule mara mbili zote kwa sababu maneno yalishanihakikishia watatu. Mtoto hajui kusoma, kwa hiyo yeye hakudanganyika. Tangu siku hiyo kitabu kimepata uhai. Kila jioni tunamtafuta kuku wa nne. Binti ameamua ni mgeni, amekuja kusalimia, anaona haya kuingia ndani. Ukiniuliza hadithi ya bibi inaishaje siwezi kukwambia, ila habari za yule mgeni nazijua zote.

Kuku huyo ndiye aliyenifundisha kuchagua. Sasa nikiingia mahali pa vitabu, naziba maneno kwa kiganja. Naangalia picha peke yake. Kama kuna mtu mlangoni ambaye hujui anataka nini, kama paka anachungulia chungu, kama kuna jambo la kumuuliza mtoto "huyu naye vipi?", nakiweka pembeni. Kama picha ni pambo tu, nakirudisha. Kisha nasoma ukurasa mmoja kwa sauti, hapohapo dukani, wala sioni haya. Vitabu vingi vinaangukia hapa. Utakuta sentensi kama "Alikuwa na furaha nyingi sana kuhusu mpira wake mpya." Nani anaongea hivyo? Mtu akipata mpira anafurahi, basi. Ulimi ukijikwaa mara mbili kwenye ukurasa mmoja, jua utakisoma kitabu hicho usiku ukiwa umechoka, mara thelathini.

La tatu ni mshono. Vitabu vingi vyembamba vya watoto vimebanwa kwa pini mbili za stepla. Kile cha kuku kilimaliza wiki mbili, jalada likachomoka, na pini moja nikaikuta kwenye ulimi wa binti yangu. Sikulala vizuri siku hiyo. Kama mtoto wako bado anatia kila kitu mdomoni, zitoe pini kabla hujampa, ushone kwa uzi. Vile vinene kidogo vya gundi navyo vinamwaga kurasa ukivifungua kwa nguvu, na mtoto hajui kufungua kitu kwa upole. Fungua katikati ya kitabu: ukiona uzi, lipa bila kubishana sana.

Sasa vya mtumba. Sokoni kwetu balo la nguo za watoto likifunguliwa, mara nyingine vinadondoka vitabu, na wauzaji hawajui wavifanyie nini. Nimepata sita kwa shilingi 2,000 kila kimoja. Ni vya Kizungu, ila vina kurasa za boksi gumu ambazo hazichaniki wala hazifi kwa mate. Kimoja kina alama za meno pembeni, meno ya mtoto wa huko kilikotoka. Binti yangu aliweka ya kwake juu yake, akaona zinalingana.

Bora kuliko vyote kumi na saba nilikipata kwenye balo hilohilo: kile cha kiwavi mlafi cha Eric Carle wa Marekani, kilichotoka mwaka 1969. Najua ni maarufu dunia nzima na mimi nimechelewa. Nikisifie kwa macho ya fundi tu. Carle alikuwa akipaka rangi karatasi nyembamba laini, akizikata na kuzibandika mpaka zitoe umbo la kiwavi, tunda, jua. Ni fundi wa vipande mwenzangu. Halafu kila tunda lina tundu la kweli lililotobolewa kwenye karatasi, na kurasa za matunda hazilingani upana, zinapanuka moja baada ya nyingine. Kidole cha mtoto kinaingia tundu hili kinatokea upande wa pili. Kabla hujasoma hata neno moja, ameshaelewa kwamba kiwavi amepita hapa.

Shida ilikuja kwenye siku. Kwa Kizungu kiwavi anakula tunda moja Jumatatu, mawili Jumanne, matatu Jumatano, manne Alhamisi, matano Ijumaa. Nikamsomea hivyohivyo kwa Kiswahili. Nikisema "Jumatatu", yeye anadakia "matatu!" Nikisema "Jumanne", anadakia "manne!" Nikimwonyesha picha yenye tunda moja ananiangalia kama nimelewa. Na hakukosea. Siku zetu zinajihesabu zenyewe, Jumamosi ya mosi, Jumapili ya pili, zikaendelea hadi Jumatano. Basi usiku ule nikairudisha hadithi nzima nyuma siku mbili. Yai linapasuka Ijumaa jua likichomoza. Jumamosi tunda moja, Jumapili mawili, Jumatatu matatu, Jumanne manne, Jumatano matano. Ilikaa kama mkono wa shati uliokatwa sawasawa na bega lake. Hata Carle mwenyewe kwa lugha yake hakuipata hiyo.

Alhamisi sasa ndiyo siku ya ulafi wenyewe, keki, aiskrimu, soseji, tikiti maji, na kipande cha achari ambacho binti anakikunjia uso kila mara. Usiku tumbo linamuuma kiwavi. Ijumaa anakula jani moja la kijani tu, anapata nafuu. Hapo nilibanwa. "Baba, Ijumaa hapewi biriani?" Nikamwambia mgonjwa hali biriani. Akafikiri, akasema basi atunziwe.

Na matunda yenyewe hayana ugeni sana kwetu. Mapeasi na plamu tunaletewa kutoka Lushoto kwenye matenga, tufaha lipo gengeni. Stroberi ndizo nilizozigeuza forosadi, rangi imekaribia, na hajalalamika. Hii ndiyo faida ya kitabu chenye maneno machache kwa lugha usiyolazimika kuifuata: unakishona upya kwa kipimo cha mtoto wako. Ila kitabu cha mtumba chenye maandishi marefu ya Kizungu na picha ndogo kionee huruma ukiache hapohapo.

Kundi la mwisho ni la bure, na ndilo ninalowasihi wenye mfuko kama wangu walijue. African Storybook ni mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Wana tovuti yenye hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, na leseni yao inaruhusu mtu yeyote kupakua, kuprinti na kugawa. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zenye maneno machache kwa kila ukurasa hadi ndefu za kumsomea mtoto kwa sauti. Kwa miaka mitatu nawashauri mchanganye, ile ya chini kabisa kwa ajili ya kidole chake na ile ya juu kwa ajili ya sikio lake.

Mimi huenda steshenari jirani na simu yangu, namwambia kijana aprinti kwa mtindo wa kijitabu, karatasi nne pande zote mbili, unapata kurasa kumi na sita. Kwa rangi nalipa 4,000, nyeusi tupu 800, na manila ya jalada 500. Nyeusi tupu isikutishe. Binti hupewa kalamu za rangi akajaza mwenyewe, ndiyo maana nyumbani kwetu fisi ni wa kijani na hakuna anayemwogopa.

Kisha naikunja katikati na kuipitisha kwenye cherehani. Mwenye mashine asikilize: sindano namba 16, mshono uwe mrefu kadiri mashine inavyoruhusu. Ukiweka mfupi, sindano inatoboa karatasi kama stempu, na kurasa zitakatika kwenye mstari huohuo. Usirudi nyuma kufunga mshono kama kwenye nguo, acha uzi mrefu ncha zote mbili ufunge fundo kwa mkono. Na sindano hiyo usije ukairudisha kwenye shifoni, karatasi inaifanya butu. Cha kwanza nilichokishona kina miezi minane. Kimeangukia kwenye ndoo, kimekanyagwa na mbuzi wa jirani, uzi bado umeshika.

Kasoro zake? Zipo. Kwa kuwa watu wengi wanaandika na kutafsiri humo, ubora unapanda na kushuka. Hadithi moja inasomeka kama imesimuliwa na bibi yako, inayofuata inasomeka kama fomu ya benki. Kiganja na ulimi vinahitajika hukohuko kwenye simu kabla hujatoa hela ya kuprinti. Na Kiswahili kingine ni cha majirani zetu wa Kenya. Tulisoma kwamba watu walipanda matatu, na binti yangu wa Jumatatu akauliza, "Matatu nini, baba?" Nikachukua kalamu nikaandika daladala. Leseni inaruhusu.

Kuna vingine ningependa kuvisifu zaidi lakini sinavyo. Nilishawahi kushika kimoja cha John Kilaka, msanii wetu wa Tanzania, mkononi mwa mgeni aliyekuja kushonesha gauni. Wanyama wake wamechorwa kwa mtindo wa Tingatinga, wanatembea kwa miguu miwili na wamevaa nguo, tena nguo za watu, za maua na za mistari, zinazokaa mwilini kama zilivyo zetu. Nilimcheleweshea yule dada gauni lake dakika kumi kwa kuangalia mishono ya wanyama. Vitabu vya Kilaka vimechapishwa Uswisi na Canada. Hapa Tanga sijakiona hata kimoja rafuni, na nimeuliza maduka matatu. Mwenye kukiona aniambie, nitakuja hata na basi.

Nyota, kama mnazitaka. Kiwavi wa Carle tano. Vya kushona mwenyewe nne, kwa sababu ya kazi ya kuchagua. Kitabu cha kuku kwa maandishi yake nakipa moja, na kuku wa nne nampa tatu za kwake mwenyewe. Duka la nailoni silipi nyota, nitarudi siku watakayotoa sampuli moja ya kufungua.

Juzi nilikuwa nafunga pindo la suruali, binti akatoka chini ya meza na kitabu cha kiwavi kikiwa wazi ukurasa wa mwisho, ule wa kipepeo mkubwa wa mabawa ya rangi zote. Mashine yangu ni Butterfly, ile nyeusi yenye kipepeo cha dhahabu ubavuni. Akaangalia kitabu, akaangalia mashine, akagonga ule ubavu kwa kidole.

"Huyu alikula nini?"

Nikamwambia uzi.