iPhone au Android? Nauza vitenge Mpondwe na nimetumia zote mbili, sikilizeni

Watu wananiuliza sana kwa nini nimerudi Android wakati nilikuwa na iPhone mkononi, tena ya bure, tena iPhone 14, wengine wanadhani niliiuza sababu ya shida ya pesa. Sikuiuza. Wacha nieleze vizuri maana naona wengi wanachagua simu kwa kuangalia kamera na jina, hawaangalii pale laini inapoingia, na kwa sisi watu wa mpakani hapo ndo pa kuangalia kwanza.

Mi nauza vitenge hapa Mpondwe, Uganda, ukivuka tu daraja la mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Wateja wangu zaidi ya nusu wanatoka Beni na Butembo. Kwa hiyo siku zote natembea na laini mbili, ya Uganda kwa ajili ya mobile money na watu wa Kampala wanaonitumia mzigo, na ya Kongo kwa ajili ya wamama wa Butembo maana wao kupiga namba ya Uganda kunawamalizia krediti haraka, mtu anakata kabla hajamaliza oda. Simu yangu ya zamani ilikuwa Android ya bei ya chini, kampuni sitaitaja, ilikuwa inabeba laini zote mbili lakini matangazo yalinichosha jamani. Unafungua simu uangalie saa tu, tangazo la kamari. Unafuta programu moja, kesho zimekuja mbili hujaziita.

Sasa mdogo wangu anafanya kazi Marekani, alipokuja Disemba akaniletea hiyo iPhone 14, akaniambia dada, hii itakutoa kwenye hizo simu za matangazo. Nilifurahi sana. Nikakaa chini palepale sebuleni, nikavua hereni nitumie ule mshikio wake kufungua trei ya laini kama ninavyofanyaga siku zote, nikatafuta katundu. Kushoto hakuna. Kulia hakuna. Chini kuna tundu la chaja na vitundu vya spika tu. Nikaigeuza kama mara tano hivi, hereni mkononi, mdogo wangu ananiangalia, ndo akakumbuka kuniambia kwamba iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia hiyo 14 ya mwaka 2022 hazina trei kabisa, zinatumia eSIM, yani laini isiyo na kadi, inaingizwa ndani kwa kupiga picha kodi ya QR, kale kamchoro ka vimraba vyeusi. Simu hiyohiyo ikiuzwa Ulaya au Dubai ina trei yake kama kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa iPhone 14 bei nzuri "imetoka Amerika", uliza hilo swali kabla hujatoa hata shilingi.

Laini ya Uganda niliiweza. Nikapanda gari mpaka Kasese mjini, kwenye ofisi ya mtandao wakanibadilishia ile kadi ikawa eSIM, na kitambulisho nilikuwa nacho. Laini ya Kongo ndo ilinishinda. Mi laini ya Kongo nanunua Kasindi kwa kijana anayekaa chini ya mwavuli, anauza kadi ya plastiki na krediti, nilipomuuliza eSIM akaniuliza mama hiyo ni kitu gani. Basi ile kadi nikaiweka kwenye katochi, yani kasimu kadogo ka batani. Miezi saba nimetembea na iPhone ya maana kwenye mkoba na katochi kwenye mfuko wa aproni, na kila inapoita sijui ni ipi, nimeshika yadi, mteja mbele yangu, mwingine Butembo anangoja.

WhatsApp nayo ina habari yake. Wateja wangu wa Kongo hawaandiki, wanatuma sauti. Mama mmoja ananiambia "mama, nitumie picha ya ile ya buluu, ile ya juzi rangi yake sikuiona muzuri", hiyo sauti ndo oda, ndo risiti, ndo ushahidi wa deni. Nilikuwa na sauti za karibu miaka mitatu kwenye ile simu ya zamani. Kuhamisha WhatsApp kutoka Android kwenda iPhone kunawezekana tangu 2022, lakini iPhone iwe mpya haijaanzishwa, au uifute ianze upya, na mimi nilishaianzisha. Nikaifuta yote. Zinatakiwa simu zote mbili ziwe kwenye umeme na kwenye Wi-Fi moja, usiku wa kwanza stima ikapotea katikati kila kitu kikasimama, usiku wa pili ndo vikaingia vyote mpaka zile sauti za mwanzo kabisa. Nilishukuru Mungu. Ila kama unahama fanya hivyo siku ileile unafungua boksi, usianze kwanza kuweka picha za watoto.

Namba mbili za WhatsApp iPhone nilizipanga hivi, moja kwenye WhatsApp ya kawaida nyingine kwenye WhatsApp Business. Kadi ya Kongo haikuhitaji kuwa ndani ya iPhone, ile namba ya kuthibitisha iliingia kwenye katochi nikaiandika. Kwa Android sasa ni rahisi zaidi, tangu mwishoni mwa 2023 WhatsApp moja inabeba akaunti mbili, unabadilisha kwa kugusa tu.

Nisiwe mtu wa kuponda. iPhone ina mazuri ambayo nayakosa mpaka leo. Kwanza ni kimya. Hakuna tangazo linalokurukia. Pili rangi. Kwenye kitenge rangi ni pesa, mteja akiona buluu kwenye picha alafu akapokea zambarau Butembo mzigo unarudi na nauli ni yako. Nilikuwa natandika kitenge juu ya meza saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, napiga video nikitembeza mkono polepole kutoka pindo mpaka pindo, unaona mpaka ile nta ilivyopasuka kidogo kwenye maua, na ile miezi saba hakuna hata mzigo mmoja uliorudi kwa sababu ya rangi. Hata mmoja!

Tatu ni umri. iPhone inapata mfumo mpya kwa miaka mingi, mfano iPhone 6s ya 2015 ilianza na iOS 9 ikafika mpaka iOS 15. Android nyingi za bei yetu zilikuwa zinapata mara moja mara mbili basi, unaachwa. Sababu inaeleweka, iPhone mfumo na simu anatengeneza mtu mmoja, Apple, lakini Android ni ya Google, aliinunua 2005, alafu kila kampuni inaichukua na kuivalisha nguo yake, kwa hiyo marekebisho mpaka yakufikie wewe huku Bwera, jirani na Mpondwe, yamepita mikono mingi. Siku hizi wanajitahidi, Samsung kwa Galaxy S24 na Google kwa Pixel 8 waliahidi miaka saba, ila hizo si simu za bei yangu.

Wizi je. iPhone ikiibiwa mwizi hawezi kuianzisha bila akaunti yako, kufuli hilo lipo tangu 2013. Ni zuri ukiwa wewe ndo mwenye akaunti. Jirani yangu wa boda alinunua iPhone ya mtumba Kampala, duka sitalitaja, wiki ya tatu ikamgomea inataka imeili ya mtu asiyemjua, na mpaka leo iko kwenye droo nyumbani kwake imelala. Ukinunua ya mtumba mwambie muuzaji aifute mbele yako ianze mwanzo kabisa, na uiwashe wewe mwenyewe mpaka mwisho kabla hujalipa. Na uweke laini yako ndani upige simu palepale, maana nyingine zimefungwa na mtandao wa huko zilikotoka. Android pia ina kufuli la akaunti ya Google, kwa hiyo fanya hivyohivyo kwa zote.

Pesa kwa simu sioni tofauti. *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinapiga kote, hata kwenye katochi, kwa hilo mtu asikudanganye ati lazima ununue simu kubwa.

Yaliyonirudisha Android ni mambo ya siku kwa siku. Chaja, kwa mfano. iPhone 14 bado ina ile pini yake ya pekee. Huku umeme ukikatika tunapeleka simu kwa kijana wa sola pale sokoni, ana waya kama ishirini zinaning'inia, type C zimejaa, pini ndogo za zamani zipo, ya iPhone ilikuwa moja, na wakati mwingine kuna mtu ameikalia. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 na wao wamekuja kwenye type C, sheria ya Umoja wa Ulaya iliwasukuma, kwa hiyo hilo ukinunua mpya halikuhusu.

Memori kadi nayo. Watoto wangu na mimi tunapenda filamu za ma-VJ, zile wanatafsiri juu kwa juu, unaenda kwenye kibanda anakujazia memori kadi, jioni mnaangalia bila bando. iPhone haina pa kuweka memori kadi. Na bando huku kuna ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, si kitu cha kuchezea. Mteja naye akija hana bando anataka picha nne za vitenge akamwonyeshe mume wake, Android kwa Android namtumia kwa bluetooth tunaongea bei huku zinaingia. iPhone bluetooth yake haitumi picha kwenye Android, basi. Nilikuwa namwambia mteja apige picha ya skrini yangu kwa simu yake, na hapo ile rangi nzuri yote inapotea.

Na lugha. Mi Kiingereza nasoma lakini si haraka. Android naiweka Kiswahili yote, mipangilio, saa, ujumbe, kila kitu, na naandika kwa kuongea, Google walileta Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017. iPhone nilipata kibodi ya Kiswahili lakini menyu zenyewe zilibaki Kiingereza. Mama yangu mzazi ana miaka sabini na kitu, anatumia Android kwa sababu hiyo tu, anasoma mwenyewe bila kuita mjukuu, na mimi hilo nalipa uzito kuliko kamera zote.

Basi mwezi wa nane nikanunua Redmi 13C, shilingi 480,000, mpya kwenye boksi. Kitu cha kwanza nilimwambia muuzaji avute trei niione kabla ya kulipa. Hapa msikilize kwa makini maana Android zote si sawa, nyingine zina trei ya nafasi mbili, yani ukiweka memori kadi laini ya pili inakosa pa kukaa, na nyingine zina nafasi tatu. Hii ina tatu. Laini ya Uganda, laini ya Kongo, memori kadi, zote zimelala pamoja kwenye kile kitrei cha urefu wa kidole. Katochi nimeiweka kabatini. Betri 5000 inanitoa asubuhi mpaka usiku, redio ya FM ipo ukichomeka waya wa masikioni, na tundu la waya lipo pia. Hifadhi ya bure ya mtandaoni ya Google ni GB 15, ya Apple ilikuwa GB 5, ambayo kwa video zangu ilijaa wiki ya pili tu.

Kwa video usiniulize, iPhone iko mbali sana, hasa mwanga ukiwa mdogo. Siku hizi mchana kabisa natoa vitenge nje ya banda ndo napiga, na naandika jina la rangi chini ya kila picha ili mtu wa Butembo asikosee.

Ile iPhone nimempa binti yangu anayesoma Kampala. Yeye ana laini moja, anakaa kwenye Wi-Fi ya hosteli, filamu anaangalia mtandaoni, marafiki zake nusu wana iPhone wanatumiana vitu hewani bila bando, kwake hiyo simu imefika nyumbani. Akirudi likizo naiazima kwake siku moja nzima, napiga video za mzigo wote ulioingia.

Nilivyomlalamikia mdogo wangu juu ya trei akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba iPhone nyingi zinazouzwa China zina trei ya laini mbili za plastiki, moja mbele moja nyuma. Kumbe ipo! Mama mwenzangu wa banda la tatu anasafiri Guangzhou mwezi ujao kuleta vitenge, nimemwomba aniulizie bei ya 15, iwe ya type C, na kabla ya kulipa avute trei anipigie picha pande zote mbili.