Una elfu ishirini ya kitabu mwezi huu: ununue kipi kwanza?

Napanda mwendokasi Kimara Mwisho asubuhi, nashuka Kisutu. Nikibahatika kiti nasoma kwa raha zangu. Nisipokipata nasoma nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika kitabu, na kurasa nazigeuza kwa dole gumba. Tangu masika yaanze nimemaliza vitabu tisa kwa mtindo huo, vya aina tofauti kabisa, na mwisho nikajikuta napima ubora kwa swali moja tu: je, kilinipitiliza kituo? Vitatu vilinipitiliza. Kimoja kilinifikisha Kivukoni, mwisho wa njia, nikazinduliwa na harufu ya samaki wa Feri.

Nimeandika haya kwa sababu ya kijana wetu wa mapokezi. Kila akiniona natoa kitabu kwenye mkoba ananiuliza, "Dada, na mimi nikitaka kuanza, nianze na kipi?" Swali lake ni la hela kuliko la fasihi. Mtu mwenye mshahara wa kawaida hapa mjini akitoa hela ya kitabu ameikata kwenye kitu kingine, na akikosea kitabu cha kwanza, cha pili hatanunua.

Tuanze na bei. Vitabu vilivyotumika vinavyopangwa chini pembezoni mwa barabara za Posta na Samora nimevinunua kwa kati ya buku tatu na buku saba, kutegemea na hali ya jalada na hali ya muuzaji siku hiyo. Riwaya mpya ya Kiswahili dukani ilinianzia kama elfu kumi na tano, nyingine zikapanda. Ukitaka kipya na cha uhakika nenda duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, au panda hadi duka la vitabu la Chuo Kikuu, Mlimani. Kariakoo ni kuzuri kwa vitabu vya shule, ila mtu anayetafuta riwaya ya kujisomea atazunguka mpaka miguu iwake moto. Na kama huna haraka, Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohammed, imekuwepo tangu 1967. Unaweza kusoma kurasa ishirini za kitabu pale kwanza ndipo uamue kama kinastahili hela yako. Watu wengi hawafanyi hivyo, nami sijui kwa nini, maana hakuna duka la viatu linalokuruhusu kuvivaa wiki nzima.

Sasa orodha yangu.

Namba moja: Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi

Ilitoka 1999, na mpaka leo sijapata riwaya nyingine ya Kiswahili ya kumpa mtu ambaye hajasoma kitabu tangu amalize shule isinirudie na lawama. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa akiwa na miaka kumi na tano kwa Raza, mwanamume anayefaa kuwa babu yake. Anakimbia. Huko anakokimbilia anakutana na Mwajuma, rafiki ambaye kila mwanamke aliyewahi kulala chumba cha kupanga anamfahamu hata kama kwa jina lingine, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa mkoloni.

Kinachokufanya usifunge kitabu ni namna mapenzi na siasa vilivyofungwa fundo moja. Huwezi kuruka kurasa za siasa ukafuata mapenzi tu, maana Koplo Matata anaweza kubisha hodi wakati wowote na yakaharibika yote mawili. Lugha ni ya Unguja, laini, na sura hazichoshi. Nilipitilizwa Kisutu nikashukia Posta ya Zamani, nikarudi kwa miguu huku nasoma, jambo ambalo silishauri kwa mtu yeyote anayethamini maisha yake kwenye vivuko vya mjini.

Kingine kinachokipa namba moja ni upatikanaji. Kilifundishwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo nakala zilizotumika zimejaa mtaani na bei yake inabembelezeka. Kasoro ya nakala hizo ni wanafunzi wenyewe. Yangu ilikuwa na maandishi ya penseli kila pembe: "dhamira: ukombozi", "tashibiha", "nafasi ya mwanamke", na mahali Denge anapoingia, mwenye kitabu wa zamani akaandika "MAPENZI" kwa herufi kubwa na kupiga mstari mara mbili. Hilo lilinichekesha. Halikunichekesha pale alipoandika kwenye sura za mwanzo mambo yanayotokea mwishoni. Kabla hujalipa, fungua sura tatu za mwanzo uangalie pembezoni. Kama kuna wino mwingi, omba nakala nyingine.

Wapo watakaokuambia filamu ya Amil Shivji ya 2021 yenye jina hilohilo inatosha. Filamu ni nzuri. Soma kitabu kwanza.

Namba mbili: Peponi ya Abdulrazak Gurnah

Hiki ndicho kilichonifikisha Feri, na kwa uzuri peke yake kingekuwa cha kwanza. Nimekishusha kwa sababu ya hela: kipya tu ndicho nilichokiona, nacho kilizidi elfu ishirini niliyoitenga.

Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, na tuzo ya Nobel ya fasihi akaipata 2021. Kitabu chenyewe alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 na kikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili imefanywa na Ida Hadjivayanis, ikachapwa na Mkuki na Nyota, hapahapa Dar es Salaam, mwaka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri Aziz. Anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Dukani anakowekwa yupo Khalil, kijana mwingine wa rehani kama yeye, ambaye hachoki kumkumbusha kwamba yule si ami yake hata kidogo.

Cha Kiingereza niliwahi kukianza miaka ya nyuma nikakitupa kabla ya nusu. Kilikuwa kizuri, lakini nilikuwa nasikia watu wa pwani yangu wanaongea kupitia ukuta. Kwenye Peponi ukuta umeanguka. Matusi ya wapagazi ni matusi, salamu ni salamu, na dua zinakaa mahali pake. Safari ya msafara kwenda bara, wakati Wajerumani wanazidi kujikita nchini, niliisoma polepole kwa makusudi. Ukiwa na hela ya kutosha, usisubiri kilichotumika. Wenye nacho hawakiuzi.

Namba tatu: upelelezi wa zamani

Hapa nina vitabu viwili, nawe chagua kwa tabia yako.

Ukipenda kufikiri, chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilichapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndipo alipoanzia Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake, na Najum pembeni yake akijaribu kuelewa. Mauaji yanatokea, watu wanaogopa mizimu, Bwana Msa anavuta kiko na kuuliza maswali ambayo yanaonekana hayana maana. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, utakutana na maneno ambayo bibi yako angeyajua na wewe huyajui, lakini hadithi inakubeba. Nilikisoma siku mbili na cha tatu kunipitiliza kituo kilikuwa hiki.

Ukipenda mbio, chukua Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Willy Gamba ni jasusi wa enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, na adui alijulikana kwa jina. Risasi, ndege, hoteli, bia baridi. Kinasomeka kwa safari nne za kwenda na kurudi. Nina lalamiko moja: wanawake mle wanaelezwa kama magari, umbo, rangi na mwendo, kisha tunaendelea na safari. Kwa hilo nakiweka chini ya Bwana Msa. Kaka zangu wote wawili hawakubaliani nami, na wao wamekisoma mara nyingi kuliko mimi.

Namba nne: wasifu

Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha Ali Hassan Mwinyi, kilitoka 2021. Usikinunue kwa ajili ya mwendokasi. Ni cha mezani, Jumapili, na chai pembeni. Nilikifuata kwa sababu moja, nilitaka kumjua vizuri mtu aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa makosa ya watu walio chini yake, kisha akaja kuwa Rais kuanzia 1985 hadi 1995. Kwa mtu aliyekulia enzi za foleni za sukari na kitenge, sehemu za kufungua milango ya biashara zina ladha yake. Aliyezaliwa baada ya hapo atahitaji subira.

Kama hela haitoshi au subira haitoshi, kipo chembamba zaidi: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja kurekodi taarabu Bombay mwaka 1928. Unakimaliza kabla hujafika Ubungo mara ya pili, na kinashikika kwa mkono mmoja. Kwa buku tatu, sioni cha kukishinda.

Namba tano: tamthiliya

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Fupi, nafuu, imejaa kila meza ya vitabu vya shule. Uliisoma kwa ajili ya mtihani, najua. Isome tena bila mtihani. Ni habari ya Vita vya Maji Maji, lakini zaidi ni habari ya mtu aliyesema neno, likakua kumshinda, na sasa linamtawala yeye.

Namba sita: ushairi

Nilinunua Kichomi ya Kezilahabi, ya 1974, kitabu kilichowaudhi washairi wa vina na mizani kwa kuviacha vyote viwili. Shairi moja asubuhi linatosha, mengi yananichanganya. Kwa hiyo kama kitabu ni kimoja tu kwa mwezi, huu si mwezi wa ushairi. Kama kuna mtu nyumbani anayependa kusoma kwa sauti, geuza orodha yangu juu chini.

Mwisho kabisa: vitabu vya hamasa

Vile vya mtu mwenye suti kwenye jalada, anayekuahidi utajiri kwa hatua saba. Machinga anavipitisha katikati ya magari kwenye foleni, nawe una joto, umechoka, mshahara umeisha tarehe kumi na tano, mkono unakwenda wenyewe kwenye pochi. Nilinunua kimoja. Nilipofika nyumbani nikakuta ni cha kudurufu: kurasa kumi na sita za katikati zimejirudia, na kumi na sita zilizotakiwa kuwepo hazipo. Hatua ya nne ya utajiri siijui mpaka leo.

Hasara ile ilinifundisha kukagua, na ukaguzi wenyewe unafaa kwa kitabu chochote cha barabarani. Tazama jalada: picha ikiwa na ukungu na maandishi yana kivuli, rudisha. Fungua katikati, ufuate namba za kurasa kama ishirini hivi. Angalia kama mistari imenyooka au imelala upande mmoja. Tafuta jina la mchapishaji na mwaka kwenye kurasa za mwanzo. Kisipokuwa navyo, mwandishi hatapata hata senti ya hela yako. Halafu kiinamishe kidogo mgongoni usikilize. Gundi mbovu inalia.

Na usinunue kitabu barabarani mvua ikianza. Muuzaji anafunika kwa nailoni, wewe unachukua cha juu bila kukagua, na bei ya mwisho huipati kwa sababu wote mna haraka.

Yule kijana wa mapokezi nilimpa orodha hii yote kwa mdomo, nikasisitiza aanze na Vuta n'Kuvute. Akaenda Posta mchana wa Ijumaa, akarudi na Kufa na Kupona kwa buku tatu. Jumatatu alichelewa kazini dakika arobaini. Akamwambia bosi ni foleni ya Magomeni. Kitabu kilikuwa kwapani, kidole chake bado kimo ndani ya ukurasa.