Mbegu za petunia Dodoma: pakiti nzuri, kalenda yake achana nayo

Kama unaishi Dodoma na umechoka kununua miche ya maua ya petunia inayofika kwenye gari ikiwa imeshanyong'onyea, otesha mwenyewe. Mbegu ninazotumia ni chotara wa kizazi cha kwanza (F1), na kila moja imevikwa udongo laini ikawa kama kidonge. Mbegu tupu za petunia ni vumbi. Gramu moja ina takriban 10,000. Hizi zilizovikwa unaziokota kwa ncha ya njiti iliyoloweshwa na kuweka moja moja kwenye tundu la trei. Bei iko juu, na mbegu utakazovuna kwenye maua yake hazitatoa ua lile lile, lakini kwa jinsi zinavyoota, nazinunua tena bila kusita.

Kinachonikera ni maelezo ya nyuma ya pakiti. Yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi: otesha ndani ya nyumba, tafuta mahali pa joto, hamishia nje baridi ikiisha. Kwetu joto si la kutafuta! Ukiotesha Septemba, miche inaingia Oktoba na Novemba, jua linachoma na upepo unakausha trei kabla ya saa sita mchana. Otesha mwishoni mwa Aprili au Mei, mvua zinapokata. Petunia hupenda kuota kwenye nyuzi joto kama 24, na Juni hadi Agosti usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, hivyo mmea unajijenga taratibu na kushika maua vizuri.

Usizifukie, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Ziweke juu ya mboji iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga, kisha pulizia maji mpaka kile kidonge kipasuke na kulainika chote. Kikilowa nusu halafu kikauka, kinageuka gamba na chipukizi linafia humo. Mimi hufunika trei kwa nailoni na kuiweka barazani, upande usiopigwa na jua la mchana. Baada ya wiki moja hivi, au siku kumi, vinatokeza vijani viwili vidogo kuliko kichwa cha pini. Nyingi zikishaota, ondoa nailoni hapo hapo. Hewa isipopita, kinyausi kinaingia: kishina kinalainika pale kinapogusa udongo, na asubuhi unakuta miche imelala. Mwagilia kwa chini, trei ikae kwenye beseni lenye maji kidogo, kisha itoe ichuruzike.

Kuhusu maji, wenzangu wa visima vya chumvi muwe waangalifu. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea umeshindwa kuchukua madini ya chuma kwa sababu udongo una magadi mengi. Kuongeza samadi siyo dawa yake. Kinga maji ya mvua mapema uyatunzie miche. Yangu hukaa kwenye pipa lenye mfuniko. Miche ikishahamia kwenye viriba, ianzie chini ya neti ya kivuli, uizoeshe jua la asubuhi kwanza.

Dukani angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na pia pakiti zinakaa wapi. Duka moja la pembejeo nililoingia lilikuwa limezitundika dirishani, jua linazipiga mchana kutwa, na joto hilo huua mbegu hata kama tarehe bado. Omba za kabatini.