Tathmini ya kalamu ya Molotow Liquid Chrome: kurudisha mng'ao wa kioo kwenye bampa na grili ya lori la toi

Lori hili la plastiki nililipata katika mitumba ya Karume, Dar es Salaam, likiwa na bodi nzima na magurudumu yote sita, ila bampa, grili, mabomba mawili ya moshi na rimu vilikuwa vimechujuka. Kingo zote zilikwisha kuwa nyeupe, na katikati palisalia mabaka yanayong'aa nusunusu, mfano wa kioo cha zamani kilichomwagikiwa maji ya chumvi. Kwa lori la aina hii, ambalo uzuri wake wote uko usoni, hilo ni pigo kubwa, na ndiyo sababu niliamua kuagiza kalamu ya Liquid Chrome ya kampuni ya Molotow ya Ujerumani, ingawa kalamu moja ilinigharimu zaidi ya bei ya lori lenyewe.

Kabla ya kuipima kazi ya kalamu yenyewe ni vema kueleza kile inachojaribu kukirudisha. Tunachokiita kromu au nikeli kwenye toi za plastiki kwa kawaida ni alumini. Kiwandani kipande hupakwa kwanza vanishi ili uso wake uwe laini kabisa, kisha huingizwa katika tangi lililoondolewa hewa, ambamo alumini hupashwa moto hadi ikageuka mvuke na kutua juu ya plastiki kama utando mwembamba usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Juu ya utando huo hupakwa vanishi nyingine ya kuukinga, na ikiwa vanishi hiyo imetiwa rangi ya manjano, kipande hutoka kikionekana kuwa cha dhahabu. Vanishi ya juu inapolika kwa kushikwashikwa na kusuguliwa, jasho na maji huifikia alumini, nayo hutoweka. Kwa hiyo hakuna dawa ya kung'arisha vyombo wala dawa ya meno itakayourudisha mng'ao huo, kwa kuwa hakuna tena chuma cha kung'arishwa; kadiri unavyosugua ndivyo unavyokimaliza kile kidogo kilichosalia.

Liquid Chrome huuzwa katika ncha za milimita 1, 2 na 4, na pia kuna chupa ya wino ya mililita 30 kwa ajili ya kujazia au kupuliza kwa bomba dogo la kupulizia rangi. Wino wake ni wa asili ya spiriti. Unaitikisa kalamu vizuri, kisha unaibonyeza ncha yake mara kadhaa juu ya kipande cha plastiki kisichohitajika hadi wino ushuke. Mimi nilichukua ncha ya milimita 1 na ya milimita 4, na baada ya kazi yote naona ile ya milimita 2 ingenifaa kuliko zote mbili, maana ya kwanza huacha michirizi kwenye uso mpana na ya pili humwaga wino mwingi kwenye mifereji ya grili.

Matokeo ya kwanza yalinishangaza. Wino unapotua ukiwa majimaji hujisawazisha wenyewe, alama za ncha zikapotea, na baada ya dakika chache niliweza kuliona dirisha la chumba changu ndani ya bampa. Hapo awali nilikuwa nimejaribu kopo la rangi ya kupuliza ambalo mwuzaji aliniapia kwamba ni kromu, nalo likanipa rangi ya kijivu yenye vumbi la fedha. Baina ya rangi ile na wino huu hakuna ulinganisho: ile inafanana na sufuria, huu unafanana na kioo.

Hata hivyo, mng'ao huu hautokani na wino peke yake, na hapa ndipo ningemwomba msomaji awe mvumilivu. Wino ni mwembamba sana, kwa hiyo kila mkwaruzo, punje ya vumbi na ukingo wa kromu kuukuu iliyobanduka nusu utaonekana juu yake kwa ukubwa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Nilijaribu kupaka juu ya mabaka ya zamani kwenye bomba moja la moshi, na mpaka wa kila baka ukasimama wazi kama pwani kwenye ramani. Ikanibidi nianze upya. Niliviondoa vipande kwenye lori, nikavitumbukiza katika Jik iliyochanganywa na maji, na chini ya nusu saa alumini yote ikawa imeyeyuka bila plastiki kudhurika. Kazi hii ifanyike penye hewa na kwa glavu, na Jik isichanganywe kamwe na siki, spiriti wala dawa nyingine ya usafi, kwa sababu michanganyiko hiyo hutoa kemikali zenye sumu. Suuza kipande kwa maji mengi na ukiache kikauke kabla ya kukigusisha kitu kingine chochote. Asetoni nayo iwekwe mbali, maana huyeyusha plastiki nyingi za toi.

Baada ya alumini kuondoka hubaki ile vanishi ya chini, yenye umanjano kidogo. Pale ilipokuwa nzima niliiacha, kwa kuwa ni laini kuliko uso wowote ambao ningeutengeneza kwa mkono. Kwenye bampa, ambako ilikuwa imepasuka, niliisugua kwa msasa wa maji namba 1000 na kumalizia na 2000, nikapaka rangi nyeusi ya mafuta inayong'aa, nikaiacha siku tatu. Weusi chini ya wino unaipa kromu kina ambacho plastiki nyeupe haitoi. Rangi hiyo ichaguliwe kwa uangalifu, kwani ile inayolainika kwa spiriti italainika pia chini ya wino huu na kuuchafua.

Jambo la pili linalohitaji subira ni kukauka. Wino huonekana umekauka mapema, lakini ukiugusa siku hiyo hiyo alama ya kidole hubaki na mng'ao hugeuka kijivu mahali hapo. Niliviweka vipande ndani ya kasha lenye kifuniko kwa siku saba, kisha nikavirudisha kwenye lori kwa kuvishika pembeni. Kuhusu vanishi ya kukinga, nilipima juu ya kijiko cha plastiki: vanishi ya spiriti iliufisha mng'ao papo hapo, na ya maji iliupunguza kwa kiasi kinachovumilika, ingawa kioo kiligeuka kuwa chuma kilichosuguliwa vizuri. Bampa na grili nimeviacha bila vanishi.

Zipo njia nyingine, na kwa kazi fulani zinaishinda kalamu. Rangi ya Alclad II Chrome, inayopulizwa kwa tabaka nyembamba juu ya weusi unaong'aa, inafaa nyuso pana, lakini inadai kompresa na bomba la kupulizia rangi. Karatasi nyembamba ya alumini yenye gundi, kama ile ya Bare-Metal Foil ya Marekani, ni nzuri kwa mistari ya madirisha na inavumilia kuguswa, ila kwenye grili yenye mifereji mingi ni mateso matupu. Kwa vipande vidogo vyenye mikunjo sijaona kinachoikaribia kalamu hii.

Kwa hiyo naipendekeza kwa moyo wote kwa toi inayokaa kabatini, na siipendekezi kwa ile inayochezewa kila siku, sembuse ile ya mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni. Lori langu liko katikati ya hali hizo mbili: mwanangu, ambaye sasa ana miaka tisa, huliteremsha Jumapili na kulisukuma sebuleni akilishika kwenye magurudumu. Rimu, basi, nimezipaka rangi ya kawaida ya fedha na vanishi ngumu juu yake, na kalamu nimeihifadhi kwa ajili ya mabomba ya moshi, ambayo tumekubaliana kwamba hayashikwi.