Amplifaya inakwaruza kushoto, wao wananiuzia waya

Naandika haya hasira haijaniisha, kwa hiyo anayetafuta tathmini ya upole asinisome mimi. Amplifaya yangu ya hedifoni, ile ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti), nitaisema, hedifoni nitazisema, lakini wa kwanza ni yule jamaa wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyoniuzia, aliyenijibu kwamba ubovu uko kwenye masikio yangu.

Maneno yake ni haya, sijayatia chumvi: "Ndugu mteja, masikio yaliyozoea vifaa vya kawaida huchukua muda kuielewa sauti ya vali. Tunakushauri uanze kwa kubadilisha waya wa hedifoni." Chini yake akaweka picha ya waya wanaouza wao wenyewe, umesukwa kama nywele za bibi harusi. Yaani mimi nimemwandikia kwamba upande wa kushoto unakwaruza, yeye ananionyesha bidhaa.

Hebu niwaeleze ubovu wenyewe, mhukumu. Ukiwasha amplifaya, nusu saa ya mwanzo hakuna dosari hata chembe. Vali zikishapata moto sawasawa, kushoto kunaanza: krrr, kimya, krr-krr. Sauti ya upande huo inafifia kidogo, inarudi. Ukiweka kikombe mezani kwa kishindo, inazidi. Zima, iache ipoe, washa tena: safi, hakuna kitu. Mtu yeyote aliyewahi kushika chuma cha kulehemu angesimama hapo hapo. Kinachotokea kifaa kikipata joto na kupotea kikipoa, mara nyingi kina mkono wa kiungo kilicholegea. Sasa waya wa hedifoni, ulioko nje kabisa ya boksi, unajuaje kwamba vali zimeshapata moto?

Na si kwamba niliwaandikia juu juu. Nilifanya kazi ya fundi wao kabla ya wao kufikiria kuwa na fundi. Hedifoni zangu ni Sennheiser HD 650, ambazo zina raha moja kubwa: waya unachomoka kwenye kila kikombe cha sikio. Nikabadilisha, plagi ya kushoto nikaichomeka kulia na ya kulia kushoto. Mkwaruzo ukahamia kikombe cha kulia. Basi kikombe cha kushoto ni kizima. Nikazichukua hedifoni zile zile na waya ule ule, nikazichomeka kwenye amplifaya nyingine ya transista, isiyo na vali, nikasikiliza jioni nzima. Kimya kabisa. Waya ukatoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikarudi kwenye ya vali, nikabadilishana plagi za RCA zinazoingiza muziki kwa nyuma, za kushoto kulia. Mkwaruzo haukuhama. Maana yake chanzo cha muziki hakina kosa, wala nyaya zake.

Zikabaki vali. Amplifaya hii ina vali mbili ndogo za 6SN7 mbele na mbili kubwa za 6AS7G nyuma, kila upande na jozi yake, na hilo ni jambo zuri mno ukitaka kutafuta ubovu, maana unaweza kuzihamisha. Nikaizima, nikaiacha ipoe vizuri, nikabadilishana ndogo. Ikipata moto: kushoto. Siku nyingine nikabadilishana kubwa. Kushoto. Nikatazama ule mpako wa rangi ya fedha ulio ndani ya kioo. Hewa ikiingia kwenye vali huwa unageuka mweupe, na hapa zote nne zilikuwa bado ziking'aa. Kwa hiyo vali ni nzima, na kinachobaki ni kilicho chini ya vali: soketi, lehemu, rizista, kapasita. Yote haya nikawaandikia, kwa mpangilio, kwa Kiswahili cha mtu aliyelala vizuri.

Jibu likaja kuhusu mvumo. Mvumo! Maelezo marefu kwamba waya wa ethi ukikutana na mwingine kunatokea mzunguko, utasikia mvumo wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa nchi yako, na ukisikia mara mbili ya hapo basi angalia kapasita za sehemu ya umeme. Hayo ni kweli tupu, sibishi, na mtu mwenye mvumo ayasome. Mimi sina mvumo. Mvumo ni sauti moja inayokaa, haiji na kuondoka kwa sababu nimeweka kikombe mezani. Ni wazi alikuwa na jibu limeandaliwa, akalibandika. Nilipomwambia kwa adabu kwamba hatuzungumzii kitu kimoja, ndipo likaja lile la masikio.

Kuhusu masikio nina kipimo changu. Nilizivaa hedifoni kinyume, kushoto kulia. Mkwaruzo nikausikia kwa sikio la kulia. Nikamwandikia: sikio langu la kushoto limepimwa, halina hatia. Hakucheka.

Halafu hebu tuuangalie huo waya wao kwa hesabu, kwa sababu ninyi mnaosoma mtauziwa pia. HD 650 zina ukinzani wa omu 300, na kwenye besi, kwenye hezi 80 hadi 100 hivi, unapanda hadi karibu omu 500. Chukua waya mbovu wenye nusu omu nzima. Nusu omu mbele ya omu 300 ni chini ya asilimia 0.2. Hata ukiutengeneza kwa fedha safi, utakuwa umeokoa kitu ambacho hakuna sikio litakalokigundua, la kawaida au la kifalme. Waya mzuri una faida zake, siukatai: usiopiga kelele ukigusa shati, wenye plagi imara, wenye urefu unaokufaa. Kwa hayo nitalipa. Lakini waya hauponyi amplifaya inayokwaruza. Anayesema unaponya ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri sana.

Katika hali hii kila kitu kikaanza kunikera. Kijitabu cha maelezo, ambacho nusu yake ni picha. Kitufe cha sauti, ambacho mwanzoni nilikisifia kwa uzito wake. Na zaidi ya yote, taa za LED za buluu walizozitega chini ya vali ndogo ili zionekane zinawaka. Jamani, vali inawaka yenyewe! Ina uzi ndani unaopata moto, rangi yake ya chungwa ndiyo hiyo, na mtu akiona buluu inayotoka kwenye soketi anaweza kudhani ni hitilafu. Nani alikaa kikaoni akasema tuongeze taa? Pesa ya hizo taa ingenunua lehemu.

Wakaniambia niirudishe, gharama za kusafirisha juu yangu, na wakiikuta nzima nitalipa pia muda wa kuikagua. Hii ni kitu yenye transfoma nzito kuliko mkoba wa shule, na vali inabidi zitolewe zifungwe peke yake, la sivyo zinafika vipande. Na ubovu wake unahitaji nusu saa ya joto kujitokeza. Nilikuwa na picha kamili kichwani: wanaiwasha dakika tano, haina kitu, ankara inakuja.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa redio. Nilianza kumsimulia sauti ilivyo, akanikatiza: "Kijana, usiniambie inaliaje. Niambie inaanza lini." Hapo nikajua nimefika.

Wenye mikono myepesi, subirini kidogo. Sikuifungua mwenyewe na sikushauri uifungue. Amplifaya ya aina hii haina transfoma ya kutolea sauti, vali zinapeleka muziki kwenye hedifoni kupitia kapasita kubwa, na ndani kuna umeme wa moja kwa moja unaozidi volti 100 kwa mbali. Ukiizima na kuchomoa plagi, kapasita zinaweza kubaki zimeshika umeme huo, na zenyewe hazikuulizi kama ulishachomoa. Yule mzee alizimaliza umeme kwanza kwa rizista, akapima, akapima tena, ndipo akagusa. Ilipobidi apime ikiwa imewashwa, mkono mmoja aliuweka mfukoni, na haukutoka humo mpaka alipomaliza.

Alichofanya ni kitu ambacho kinanichoma hadi leo kwa urahisi wake. Aliiwasha, akaiacha ipate moto huku anatengeneza kitu kingine, kisha akachukua kijiti kikavu cha plastiki akawa anagusagusa sehemu moja baada ya nyingine kwa chini. Rizista, hakuna. Kapasita, hakuna. Soketi ya 6SN7 ya kushoto, pini ya tano: KRRR. Akaizima, akazimaliza kapasita umeme tena, akanipa lenzi. Kwenye pini ile, ambayo ni ya anodi (sehemu ya vali inayopokea umeme mkubwa), lehemu ilikuwa imepasuka kwa duara dogo kuizunguka. Ikiwa baridi, pini inagusa. Ikipata joto, vitu vinatanuka, inaachia. Alilehemu upya, akalehemu na nyingine saba za soketi hiyo kwa sababu, alisema, aliyefanya moja vibaya hakuwa na siku nzuri. Kwisha.

Vali si uchawi. Fleming alitengeneza ya kwanza 1904, Lee de Forest akaweka gridi, yaani wavu mdogo wa kudhibiti umeme, ndani yake 1906, na vizazi vya mafundi vimetafuta mikwaruzo ya aina hii kwenye redio kwa kijiti kama kile kabla transista haijazaliwa 1947. Halafu unauza kifaa cha vali, unajiita mtaalamu wa vali, na mtu akikuletea dalili ambazo ni za kitabuni unamwambia masikio.

Sasa hapa ndipo ninapojikasirikia kwa kukosa msimamo, maana amplifaya ni nzuri. Ni nzuri sana. Nimerudi nayo nyumbani nikaiwasha, nikapita nusu saa nikiwa nimekaza meno, nikapita saa nzima, kimya. Nikaweka kwaya. Sauti za kati, zile ambazo HD 650 zinazijua tangu zilipotoka 2003, zikawa na mwili, unamsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya wenzake. Besi zikajaa. Najua sababu, sina haja ya ushirikina: amplifaya yenyewe ina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti, na ule ukinzani wa hedifoni ukipanda kwenye besi, besi nazo zinapanda kidogo. Wapo watakaosema huo si uaminifu. Waseme. Mimi niliondoa hedifoni usiku wa manane.

Kwa hiyo ukiniuliza ninunue? Kifaa, ndiyo, kama una hedifoni za omu nyingi. Za omu 30 na kitu zitakuvunja moyo hapa, hasa zile za sumaku bapa (planar). Kutoka kwao? Hapana. Au labda ndiyo, kama una fundi mzee wa redio karibu. Hapana, hapana. Niliwatumia picha ya pini iliyopasuka, nikidhani angalau watasema pole. Wakajibu kwamba kwa kuwa boksi limefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, waranti imekufa.

Juzi juzi ukaingia ujumbe mwingine: "Ndugu mteja, umefurahia huduma yetu? Tupe nyota, upate punguzo la waya." Usiku ule wa kwaya ningewapa nne bila kufikiri. Nikabonyeza moja, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika: soketi ya kushoto, pini ya tano, mwambieni anayelehemu.